Kipakatalishi Kidogo na Utazamaji wa Filamu Nyumbani: Mfano wa Kwale na Pwani ya Kusini ya Kenya

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kipakatalishi kidogo cha bei nafuu kinavyoweza kutumiwa kutazama filamu katika mazingira ya Kwale na pwani ya kusini ya Kenya. Yanafafanua uwezo na mipaka ya chombo hicho kwa upande wa kiwambo, kichakataji, hifadhi, umeme na sauti. Hoja kuu ni kwamba filamu haina budi kulinganishwa na chombo kitakachoionyesha. Aidha, yanaonyesha kuwa jambo ambalo hata chombo dhaifu hulimudu bila taabu, yaani kuonyesha maandishi ya tafsiri chini ya picha, ndilo linalompa mwanafunzi wa Kiswahili nafasi ya kuwafikishia filamu watu wa nyumbani kwake.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Methali hii inawaelekea wanafunzi wengi wa vyuo vikuu watokao pwani ya kusini ya Kenya. Mwanafunzi wa Msambweni, Lunga Lunga au Kinango aghalabu hawezi kumudu tarakilishi ya bei ya juu. Kenda yake ya kushika ni kipakatalishi kidogo, kipya cha bei ya chini au mtumba uliokwisha kutumika ng'ambo. Hukinunua kwa ajili ya tasnifu na kazi za darasani. Hata hivyo, likizo ifikapo, chombo hicho huvuka naye kivuko cha Likoni, hupanda naye matatu ya kuelekea Ukunda na kwingineko, na usiku huohuo huwa ndicho sinema ya jamaa nzima.

Hapo ndipo maswali mawili huzuka. La kwanza huulizwa na vijana: mbona picha inakwamakwama ilhali sauti inaendelea? La pili huulizwa na bibi aliyeketi nyuma yao: wanasema nini hao? Swali la kwanza ni la ufundi na la pili ni la lugha. Makala haya yanajaribu kuyajibu yote mawili, kwa kuwa mtu aliyejibiwa moja tu kati yake hajaitazama filamu. Picha isiyokwama lakini isiyoeleweka ni sawa na picha iliyokwama.

2.0 Chombo na Jina Lake

Neno *kipakatalishi* limeundwa kutokana na kitenzi *pakata*, chenye maana ya kuweka mtoto au kitu mapajani, pamoja na sehemu ya neno *tarakilishi*. Nchini Tanzania hutumika zaidi *kompyuta mpakato*, istilahi iliyotokana na kitenzi kilekile. Istilahi hizi mbili zinaafikiana katika jambo la msingi: chombo hiki ni cha kupakatwa, si cha kusimikwa mezani. Katika mazungumzo ya kila siku, wasemaji wengi husema *laptopu*.

Aina ndogo na ya bei nafuu ilipata umaarufu duniani mwaka 2007, kampuni ya Asus ya Taiwan ilipotoa Eee PC. Kiwambo chake kilikuwa cha inchi 7, hifadhi yake katika aina iliyojulikana sana ilikuwa gigabaiti 4 tu, na hakikuwa na nafasi ya kutia diski ya DVD. Mwaka 2008, kampuni za Acer, HP na Dell zilifuata kwa kutoa vyombo vya jinsi hiyo. Vingi vya kizazi hicho viliendeshwa na kichakataji cha Intel Atom na kuwa na kiwambo cha nukta 1024 kwa 600. Mwaka 2014 ilitoka HP Stream yenye kiwambo cha inchi 11.6, kumbukumbu ya gigabaiti 2 na hifadhi ya gigabaiti 32, nayo haikuwa na feni. Vipimo hivi vya mwisho vinafaa kuwa kielelezo cha kile ambacho makala haya yanakiita kipakatalishi kidogo: kiwambo kisichozidi inchi 12, kumbukumbu ya gigabaiti 2 hadi 4, na hifadhi finyu.

Ni muhimu kutofautisha maneno mawili ambayo wauzaji huyachanganya. *Kumbukumbu* ni mahali ambapo kichakataji huweka kazi kinayoifanya kwa wakati huo, na hufutika chombo kinapozimwa. *Hifadhi* ni ghala la kudumu ambamo faili za filamu hukaa. Kumbukumbu ni mfano wa meza ya fundi cherehani, na hifadhi ni mfano wa kabati lake. Meza ndogo humchelewesha fundi, na kabati dogo humnyima mahali pa kuweka vitambaa. Mnunuzi anayeambiwa kuwa chombo kina "gigabaiti 32" hana budi kuuliza: za meza au za kabati?

3.0 Kutoka Kibandani hadi Pajani

Utazamaji wa filamu katika miji midogo ya pwani haukuanza na kipakatalishi. Kwa miaka mingi kibanda cha video kilikuwa ndicho sinema ya watu wa kawaida. Palikuwa na runinga, deki ya kanda na baadaye ya diski, na mabenchi ya mbao. Filamu za Kihindi, za Hong Kong, za Marekani, za Nigeria na baadaye za Tanzania zilionyeshwa kwa kiingilio kidogo.

Kibanda kilikuwa na jawabu lake kwa swali la bibi. Katika Afrika Mashariki ilizuka fani ya msimulizi wa filamu, yaani mtu anayeifasiri filamu ya kigeni kwa sauti, akiongeza ufafanuzi, mzaha na majina ya kienyeji. Jijini Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alisifika kwa kusimulia filamu kwa Kiswahili. Nchini Kenya, DJ Afro amejipatia wapenzi wengi kwa usimulizi wenye Kiswahili kilichochanganywa na Sheng. Jijini Kampala, wasimulizi kama VJ Jingo hufanya kazi hiyo kwa Kiganda. Fani hii si ngeni duniani, kwani Japani nayo ilikuwa na wasimulizi waitwao *benshi*, waliosimama kando ya kiwambo enzi za filamu zisizo na sauti.

Kipakatalishi kimeileta filamu nyumbani lakini kimemwacha msimulizi kibandani. Anayepakata chombo hutazama filamu katika lugha iliyotengenezewa, mara nyingi akiwa na vidude vya kusikilizia masikioni, peke yake. Faida yake ni uhuru wa kuchagua, kusimamisha na kurudia. Hasara yake ni kwamba wale wasiokijua Kiingereza, Kihindi au Kikorea huachwa nje ya filamu ingawa wameketi chumba kimoja. Sehemu ya sita itarejelea jambo hili. Kabla ya hapo, sharti picha yenyewe itembee.

4.0 Kwa Nini Filamu Hukwama

4.1 Kiwambo na Nukta za Picha

Picha ya filamu ni mkusanyiko wa nukta ndogo, nazo huitwa *pikseli*. Filamu iliyoandikwa 1080 ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani jumla ya nukta 2,073,600 katika kila picha moja. Filamu iliyoandikwa 720 ina nukta 1280 kwa 720, yaani 921,600. Kiwambo cha kipakatalishi kidogo kwa kawaida huwa na nukta 1366 kwa 768, yaani 1,049,088.

Hesabu hii inafichua kosa ambalo wengi hulifanya. Mwanafunzi hutafuta filamu ya 1080 akiamini kuwa kubwa ndiyo bora. Chombo chake hulazimika kuzikokotoa nukta milioni mbili kwa kila picha, na kwa kuwa filamu nyingi huwa na picha 24 kwa sekunde, kazi hiyo hurudiwa mara 24 kila sekunde. Kisha chombo huzipunguza nukta hizo takriban kwa nusu, kwa sababu kiwambo hakina mahali pa kuzionyesha. Kichakataji kimetoka jasho, na macho hayakupata ziada yoyote. Filamu ya 720 inakitosha kiwambo hicho. Kwa vyombo vya kizazi cha mwaka 2008, filamu ya 480 ndiyo kipimo chake.

4.2 Usimbaji

Picha ghafi zingalihifadhiwa zilivyo, filamu moja ingalijaza maghala mengi. Ndiyo sababu filamu husimbwa, yaani hufinywa kwa kanuni maalumu, kisha husimbuliwa wakati wa kutazamwa. Kanuni hiyo huitwa *kodeki*. Kodeki ya H.264 iliidhinishwa mwaka 2003, H.265 mwaka 2013, na AV1 ikatolewa mwaka 2018. Kadiri kodeki inavyokuwa mpya ndivyo inavyofinya zaidi bila kuharibu picha, na ndivyo kazi ya kuifumbua inavyokuwa nzito zaidi.

Vichakataji vingi huwa na sehemu maalumu ya kusimbua kodeki zilizokuwapo vilipoundwa. Faili ya H.264 ikitiwa katika kipakatalishi cha mwaka 2014, sehemu hiyo huifanya kazi kwa wepesi. Faili ya H.265 ikitiwa katika chombo kisichoijua kodeki hiyo, kazi yote huangukia kichakataji kikuu. Matokeo yake ni yale yanayolalamikiwa: sauti husonga mbele, picha hubaki nyuma, kisha hurukaruka. Chombo hakijaharibika. Kimepewa mzigo ambao hakikuundwa kuubeba.

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza ya matumizi ni hii: kwa kipakatalishi kidogo, ichaguliwe faili ya H.264 isiyozidi 720. Mtumiaji anaweza kuyasoma maelezo haya katika programu ya kutazamia yenyewe. Programu ya VLC, kwa mfano, huonyesha kodeki na idadi ya nukta za faili inayotazamwa. Inafaa kukumbuka kuwa VLC ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa, na mwaka 2001 ikatolewa kwa leseni huria. Kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja sasa inatumika katika vyombo vya watu wa mabara yote.

4.3 Hifadhi na Mtandao

Ukubwa wa faili unaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Filamu ya dakika 90 inayotumia megabiti 1.5 kwa sekunde huchukua takriban gigabaiti 1. Ikitumia megabiti 5 kwa sekunde, hukaribia gigabaiti 3.4. Chombo chenye hifadhi ya gigabaiti 32 hutumia sehemu kubwa yake kwa mfumo endeshi na masasisho, hivyo hubaki na nafasi ya filamu chache tu. Ni heri filamu zikawekwa katika kadi ya kumbukumbu au flash diski, na hifadhi ya ndani ikaachiwa kazi za masomo. Ikiwa flash imepangwa kwa mtindo wa FAT32, haitapokea faili moja inayofikia gigabaiti 4. Ikipangwa upya kwa exFAT, kizuizi hicho huondoka. Izingatiwe tu kwamba upangaji upya hufuta kila kilichomo.

Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na tangu hapo utazamaji wa moja kwa moja mtandaoni umewezekana kwa wengi. Hata hivyo, kwa kipakatalishi kidogo, kutazama kupitia kivinjari ni kazi nzito kuliko kutazama faili iliyomo ndani, kwa kuwa kivinjari chenyewe hula kumbukumbu nyingi. Anayetazama mtandaoni hana budi kufunga kurasa nyingine zote na kuchagua picha ya 480 au 720. Isitoshe, filamu ileile ikitazamwa mara mbili mtandaoni hutozwa data mara mbili, ilhali iliyopakuliwa kihalali hutozwa mara moja.

5.0 Mazingira ya Pwani ya Kusini

5.1 Umeme

Katika jambo hili udogo ni fadhila. Betri yenye uwezo wa saa-wati 36 ikilishwa kwa chombo kinachotumia wati 9 hudumu saa 4, muda unaotosha filamu mbili. Stima ikipotea Ukunda katikati ya filamu, runinga huzimika lakini kipakatalishi huendelea. Kwa nyumba inayotegemea umeme wa jua, ieleweke kuwa betri nyingi za sola hutoa volti 12, ilhali vipakatalishi vingi huchajiwa kwa takriban volti 19. Panahitajika kigeuzi, maarufu kama invata, au chaja maalumu inayopandisha volti. Kuunganisha moja kwa moja kwa kubahatisha kwaweza kukiua chombo. Muda wa betri pia huongezeka mwanga wa kiwambo ukipunguzwa, na usiku mwanga mkali hauhitajiki.

5.2 Joto, Chumvi na Mchanga

Chombo kisicho na feni hujipooza kwa kutoa joto kupitia ganda lake. Kikilazwa juu ya godoro au leso, joto hukosa njia, na kichakataji hupunguza kasi yake ili kisiungue. Filamu iliyoanza vizuri huanza kukwama baada ya nusu saa, hasa nyakati za kaskazi ambapo joto la pwani hupanda. Dawa yake ni kukiweka juu ya meza, kigoda au ubao mgumu. Ingawa jina lake latokana na kupakatwa, katika kutazama filamu ni afadhali kisipakatwe. Kwa wakaao karibu na bahari, kama vile Diani, Gazi na Shimoni, upepo wa chumvi na mchanga ni adui wa matundu ya chaja na ya sauti. Mfuko unaofungika vizuri ni kinga ya bei ndogo.

5.3 Sauti na Kiwambo cha Jamaa

Spika za ndani ni dhaifu, na mvua ya masika ikipiga mabati hazisikiki kabisa. Kuzidisha sauti katika programu kupita asilimia 100 hukwaruza maneno, na maneno ndiyo yanayohitajika. Spika ndogo za nje zinazotiwa waya katika tundu la sauti huleta mabadiliko makubwa kwa gharama ndogo. Aidha, viwambo vya bei nafuu huonekana vyema mtu akikaa mbele yake moja kwa moja, na rangi hugeuka kwa aliye pembeni. Watatu au wanne wakae kwa safu, na kiwambo kiinuliwe kufikia usawa wa macho. Palipo na runinga bapa, waya wa HDMI huihamishia filamu huko, na kipakatalishi hubaki kuwa deki.

Kutokana na maelezo haya yapatikana pia kanuni ya ununuzi. Mnunuzi aende dukani na flash yake yenye filamu anayoifahamu. Aombe ichezwe kwa dakika 15, chaja ikiwa imeondolewa, naye aangalie mambo matatu: picha inakwama au la, ganda linapata moto kiasi gani, na betri inashuka kwa kiwango gani. Chombo cha mtumba kinachoshuka kutoka asilimia 100 hadi 60 katika muda huo hakitamaliza filamu moja. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekwisha kulijibu.

6.0 "Wanasema Nini?": Manukuu na Lugha ya Nyumbani

Picha sasa inatembea. Limebaki swali la bibi.

Maandishi ya tafsiri yanayoonyeshwa chini ya picha huitwa na wengi *manukuu*. Kwa mtazamo wa kiufundi, manukuu ni kitu chepesi kuliko vyote vilivyotajwa katika makala haya. Faili ya manukuu ya aina ya SRT ni maandishi matupu. Filamu nzima ya dakika 90 huhitaji takriban kilobaiti 100, yaani kama sehemu moja ya elfu kumi ya filamu ya gigabaiti 1. Kipakatalishi kisichoweza kuhariri picha ya filamu kinaweza kuandika manukuu yake yote kwa programu ya kawaida ya maandishi. Muundo wake ni huu:

1
00:01:20,500 --> 00:01:23,500
Sijamwona tangu jana.

2
00:01:24,000 --> 00:01:26,500
Basi tumngoje hapa.

Mstari wa kwanza ni nambari ya tungo. Wa pili ni muda wa kuanza na kumalizika, kwa saa, dakika, sekunde na elfu za sekunde. Wa tatu ni maneno yenyewe, kisha huachwa mstari mtupu. Faili huhifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8 na kupewa jina lilelile la filamu, kwa kiishio cha srt. Ikiwekwa katika folda moja na filamu, VLC huyaonyesha manukuu yenyewe. Yakitangulia au kuchelewa, bonyezo za G na H huyarekebisha.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ugumu hauko katika muundo bali katika tafsiri. Desturi ya kazi hii ni mistari isiyozidi 2, kila mmoja ukiwa na takriban herufi 40, na mistari miwili iliyojaa huachwa kwa sekunde 6 hivi. Mfasiri hana nafasi ya kueleza. Hapa mofolojia ya Kiswahili hugeuka kuwa akiba. Neno *sijamwona* lina herufi 9 tu, lakini limebeba nafsi ya mtenda pamoja na ukanushi katika *si-*, hali ya kutotimia kwa tendo katika *-ja-*, mtendwa katika *-mw-*, mzizi *-on-* na kiishio *-a*. Kiingereza huhitaji maneno matano au sita kusema hayo. Lakini akiba hiyo haipatikani kila mara, kwani majina ya ufundi na sheria hurefuka katika Kiswahili, na mfasiri hulazimika kuchuja na kubakiza kiini.

Ugumu wa pili ni wa adabu. Kijana katika filamu ya Kiingereza huweza kumwita baba mkwe wake kwa jina tupu, na kiwakilishi kimoja humtosha kwa mtoto na kwa mzee. Mtazamaji wa Msambweni akisoma jina hilo tupu atadhani kijana ameonyesha utovu wa heshima, jambo ambalo filamu haikulikusudia. Mfasiri akiandika *baba* au *mzee*, amelinda uhusiano uliokusudiwa. Akiliacha jina, amelinda utamaduni wa kigeni ulivyo. Uamuzi wowote una gharama yake, na ni vyema ufanywe kwa kujua.

Ugumu wa tatu ni wa lahaja na lugha jirani. Kwale si eneo la Kiswahili sanifu pekee. Kuna Chidigo, Kiduruma, Kivumba cha Vanga na Wasini, na Kichifundi cha Funzi na Shirazi. Manukuu ya Kiswahili sanifu yatasomwa na wengi zaidi, lakini hakuna kizuizi cha kiufundi kinachomzuia mwanafunzi kuandika faili ya pili kwa Chidigo na kuiweka kando ya ya kwanza. Filamu moja huweza kuwa na faili nyingi za manukuu, na mtazamaji huchagua.

Huenda ikaulizwa: je, bibi asiyejua kusoma atafaidi nini? Swali hili ni la haki, na manukuu pekee hayalijibu. Lakini manukuu yakiwa tayari, mjukuu anaweza kuyasoma kwa sauti huku sauti ya filamu imepunguzwa. Kwa njia hiyo msimulizi aliyeachwa kibandani hurudi nyumbani. Tofauti ni kwamba msimulizi huyu hakisii. Anasoma tafsiri aliyoifikiria, aliyoipima na kuisahihisha.

7.0 Filamu Zipi, na kwa Haki Gani

Kuna filamu ambazo mwanafunzi wa Kiswahili anazihitaji kwa masomo yake. Riwaya ya Adam Shafi, *Vuta N'kuvute*, iliyochapishwa mwaka 1999, ilitengenezewa filamu ya jina hilohilo iliyoongozwa na Amil Shivji na kutolewa mwaka 2021. *Nairobi Half Life* ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga, ni hazina kwa anayechunguza Kiswahili cha mitaani na Sheng. Filamu hizi hutoa data ya usemi ambayo kurasa za kitabu haziwezi kuitoa, yaani kiimbo, kasi na kukatizana kwa wazungumzaji. Kipakatalishi humwezesha mtafiti kurudia sentensi moja mara kumi, jambo ambalo haliwezekani katika jumba la sinema.

Hata hivyo, nakala nyingi zinazozunguka kwa flash hazina idhini ya wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mwenye kazi haki ya kuidhibiti, ikiwemo haki ya kuifasiri. Kwa hiyo, mwanafunzi anayekusudia kusambaza manukuu yake hana budi kuomba ruhusa kwanza. Waongozaji wengi chipukizi wa Afrika Mashariki huziweka filamu zao fupi mtandaoni wenyewe, na hao ndio wa kuanza nao: filamu ya dakika 10, barua ya heshima ya kuomba idhini, na faili ya manukuu iliyoandikwa kwa uangalifu. Vilevile, kuonyesha filamu hadharani ni jambo tofauti na kutazama nyumbani, nako hutawaliwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, inayosimamiwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Nchini Kenya.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kipakatalishi kidogo hakishindwi na filamu kwa sababu ya udogo wake. Hushindwa kinapopewa nukta kisizoweza kuzionyesha, kodeki kisiyoijua, godoro la kulalia na hifadhi iliyofurika. Faili ya H.264 ya 720, meza ngumu, spika za nje na flash ya kuwekea filamu hukifanya kitosheleze mahitaji ya chumba kimoja. Yote haya ni maarifa mepesi, lakini mengi yamekaa katika lugha ambayo mnunuzi wa Ukunda au Kinango huenda asiisome kwa raha, na kutoyajua humgharimu fedha alizozidunduliza kwa miezi.

Imeonyeshwa pia kuwa kazi ngumu kuliko zote, ile ya kuifanya filamu ieleweke, haihitaji chombo cha gharama kubwa. Huhitaji mtu anayejua Kiswahili vizuri, mwenye subira ya kusikiliza, kupima na kuandika. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina watu hao. Kila mwanachama akirudi nyumbani likizo moja na filamu fupi moja iliyotiwa manukuu kwa idhini ya mwenyewe, mkusanyiko utakaopatikana utakuwa kielelezo cha kufundishia tafsiri darasani. Naye bibi, badala ya kuuliza wanasema nini, ataweza kuuliza maswali ambayo watazamaji wengine huuliza: kwa nini amefanya hivyo, na mwisho wake utakuwaje.